Mkasi wa Bibi

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo unakuruhusu kulala, na mdogo wangu bado anakuchekesha. Mimi sijambo kidogo. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kimevimba chote, toka shina hadi ncha. Asubuhi hakikunjiki mpaka nikiloweke kwenye maji ya moto. Viwiko vina mabaka yenye magamba meupe, na kucha zimejaa vishimo kama subana ya kushonea. Tajiri ameniuliza kama mishono yangu siku hizi inalewa.

Baba, ulisema mkasi wa Bibi ndio uliopinda vidole vyake, kisha vyako, ukaufungia sandukuni nisiuguse. Sikuugusa. Basi hiki kimetoka wapi?

Mwanao, Kifungo

19 Machi

Kifungo mwanangu,

Marahaba. Mgongo na mimi tumeshazoeana kama wapangaji wa chumba kimoja. Niliposoma barua yako niliutoa mkasi nikautupa kwenye shimo la choo. Fundi baiskeli wa jirani alisema nimeua chuma kisicho na hatia. Labda uliuchezea utotoni tusijue.

Pumzisha mkono, paka mafuta. Magamba ni vumbi la vitambaa tu. Mimi ninayo tangu ujana, ndiyo maana navaa mikono mirefu, na bibi yako alifunga kilemba kuficha ya kichwani.

Mdogo wako naye akiamka hawezi kukanyaga, visigino vinamchoma. Nimemkataza pedali ya cherehani.

Baba yako

14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Anayeandika ni fundi mwenzangu, mimi nasema tu, kalamu haishikiki. Kazini wamenisimamisha.

Nilipumzisha mkono kama ulivyosema, ukazidi. Nikaenda hospitali. Daktari aliuliza nani mwingine katika ukoo, nikamsomea maneno yako ya mikono mirefu na kilemba. Akasema, "Huo si mkasi. Ni damu yenu."

Ugonjwa huu wa ngozi unaitwa soriasisi. Hauambukizi kwa kugusana, ila huandama ukoo. Wengine huwapita, wengine huwaingia mpaka kwenye viungo. Dawa ya kuutuliza ipo, lakini kiungo kilichokwisha kulika hakirudi. Changu kimeshalika.

Mdogo wangu, Baba. Si pedali. Mpeleke kabla hajafika nilipo. Najua hujawahi kuvua shati mbele ya mtu. Nakupigia magoti.

Mwanao

6 Mei

Baba, shikamoo. Kimya chako kinaniumiza kuliko kidole. Umempeleka?

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Marahaba, pamoja na zile nilizokunyima. Niliona umemtukana mama yangu kwa kusema ugonjwa ni wa damu yetu, nikanuna. Kisha asubuhi moja mdogo wako alitambaa kwa magoti hadi mlangoni, akasema, "Baba, nimerudi utotoni." Alicheka ili nisilie.

Tukaenda. Alikataa kuonyesha ngozi, kumbe ana baka nyuma ya sikio alilokuwa akilifunika kwa nywele. Basi nikatangulia mimi kuvua shati. Daktari alinitazama mgongo mzima, na mtoto naye akaacha kubisha. Ameanzishiwa dawa. Wanasema tumewahi. Kwangu mimi hakuna tena cha kunyoosha.

Barua zako mbili zilikuja kwa mwandiko wa mtu mwingine. Zinaninyima usingizi. Niandikie kwa mkono wako, hata mstari mmoja.

Baba yako

16 Juni

Shikamoo, Baba. Ni mimi.