Mahali Mama Anapoingia

Zadock Odongo, "DJ Zado" wa Kaloleni, Kisumu

Baba, mwaka umekatika tangu utuache, na mtambo wako wa santuri bado uko palepale kando ya kochi, umefunikwa kitambaa cha meza. Mama hajamruhusu mtu auguse. Hata vumbi analipangusa juu ya kitambaa.

Watu walikujua kwa harusi na matanga, kutoka Dunga mpaka Awasi. Sisi tulikujua kwa kelele za alfajiri. Benga kabla ya chai, rumba baada ya kanisa, na ole wake atakayeinua sindano kabla wimbo haujaisha! Wimbo ni mgeni, ulisema, na mgeni hakatizwi akiongea.

Ulitusimulia mara nyingi jinsi ugonjwa huo wa muziki ulivyokuingia. Nyanya alikutuma mafuta ya taa sokoni Awasi, ukapita karibu na baa yenye gramafoni, ukanata dirishani. Ulirudi giza limeingia na chupa tupu, ukala kiboko, na kesho yake ukaomba mwenyewe utumwe tena. "Kiboko kilipoa," ulikuwa ukicheka, "lile gitaa halijapoa mpaka leo."

Halafu ile santuri yako ya kwanza, ya benga, uliyoipenda kuliko sisi watoto. Mama alipoolewa kutoka Port Victoria aliikuta ina vumbi. Bibi harusi wa watu, na bidii yake yote, akaipeleka bombani pamoja na sufuria, akachota mchanga. Uwi! Alisugua mara moja tu, ukatoka mbio na mswaki mdomoni ukamnyang'anya. Lakini maji yalikuwa yamemwagika. Tangu siku hiyo wimbo ukifika katikati ulikwama, ukarudia neno lilelile mpaka wewe ugonge kasha la mtambo kwa kidole ndipo uendelee.

Ungeweza kumlaumu maisha yako yote. Wewe ukashika maikrofoni ukatangaza: "Tulieni! Hapa ndipo anapoingia Nyar Port, binti wa Port!" Ukauacha ukwame, Mama azunguke weee, halafu ukagonga. Kaloleni nzima ikajifunza kuzunguka hapo. Wakienda kucheza kwingine, wimbo huohuo ukipita bila kukwama, walibaki wakizunguka peke yao kama kuku aliyefungwa mguu.

Krismasi iliyopita, ya kwanza bila wewe, Griffins alitaka kumchangamsha Mama. Aliutafuta wimbo kwenye simu akaupata safi kabisa, hauna hata mkwaruzo. Mama akainuka, akajifunga leso kiunoni, sote tukapiga makofi. Ulipofika katikati alianza kuzunguka, lakini wimbo ukampita ukaenda zake. Alisimama pale sebuleni akiutazama mtambo.

"Zima, mwanangu," alisema. "Mimi simo humo."

Baba, Mama ana upweke. Tunakuambia waziwazi kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kufichwa. Bado anasonga ugali wa watu wawili. Jioni huitikia hodi ambayo hakuna aliyeipiga. Sisi tupo, wajukuu wapo, akina mama wa kanisa wanakuja kila wiki na sala zao na sukari yao. Lakini tukimwita Nyar Port anatabasamu tu kwa adabu. Hageuki vile alivyokuwa akigeuka ulipomwita wewe.

Juzi aliondoa kitambaa kwa mkono wake. Rafiki yako fundi Irungu alikuwa amemletea sindano mpya, akaifunga huku anajifanya ni moshi wa jikoni unaomtoa machozi. Jumamosi hii, baada ya maombi hapa nyumbani, ile santuri itapigwa. Byron aliuliza ni nani kati yetu atakayegonga kasha ikikwama.

"Hakuna," Mama akajibu. "Mwacheni aniite. Nikichoka kuzunguka nitagonga mwenyewe."

Basi Jumamosi ukisikia neno moja linarudiwa na kurudiwa na hakuna anayeinuka, usidhani tumesinzia, Baba. Ni Mama hajachoka.

Unakumbukwa na mkeo Adero, wanao Celestine, Byron na Griffins, ndugu yako Nicodemus, wajukuu wako, fundi Irungu, na wote wa Kaloleni waliojifunza kuzunguka.

Siku zote tutakukumbuka, na hapo katikati ya wimbo zaidi.