Tangi la Maji Moto na Ijumaa Zako

Mpendwa Mama Zaituni,

Kwanza acha kuniuliza, huko uliko, kama bado navaa ile suruali yenye tundu. Navaa. Sasa nisikilize.

Tangi letu la maji moto, lile la darini juu ya chumba cha Zaituni, limegoma. Jumatatu nilifungua bomba, maji yakatoka baridi kama salamu ya jirani unayemjua. Ungekuwepo ungesema, "Baba Zaituni, kaa chini, usiguse." Nikapanda na nyundo. Nikaligonga pale pale ninapoligonga siku zote, mara tatu, na bismillahi juu yake. Likanimwagia maji mekundu kichwani.

Mimi ningeoga baridi mpaka nikufuate. Lakini Zaituni kajifungua, mke wangu! Mtoto wa kike, kachukua pua yako, masikini. Alhamisi ilikuwa atoke hospitali kuja kukaa arobaini hapa hapa Chatsworth, na mdogo wako Mwanaidi ndiye wa kumkanda. Mzazi akandwe kwa maji gani, ya friji?

"Baba, nunua jipya," akaniambia kwenye simu.

"Jipya la nini? Hili nimelitunza kwa mkono wangu tangu unaanza shule!"

Unakumbuka nilivyokuwa nikiringa. Mtaa mzima wameshabadilisha matangi yao, mimi nawaita waje wasikie letu linavyonguruma. Siri ni mkono, nawaambia. Wewe unamimina chai, unaichekea birika. Nilidhani unanisifu kimoyomoyo.

Nikamwita fundi, Mkongo anaitwa Kalala. Akapanda, nami nyuma yake, maana sijawahi kuona tumbo la tangi. Akachomoa fimbo ya chuma iliyoliwa ikabaki kama mwiba wa samaki.

"Papa, unaona? Kutu inakula hii kwanza, inaacha tangi. Ikiisha, inaanza kula tangi."

Nikamuuliza nani aliifundisha fimbo moyo huo. Akacheka, kisha akamulika ubavu wa nyuma, nisikofika na nyundo. "Nani alikuwa anabadilisha? Hapa iko maandishi."

Mwandiko wako. Ile F yako inayoegemea kama mlevi ukutani. "Fimbo mpya", na mwezi wake. Chini yake tena, "Fimbo mpya". Mara tano. Ya mwisho uliandika kabla hujaanza kuumwa.

Swali langu la kwanza, unisamehe: ulipitaje kwenye kile kitundu cha dari, na mwili ule niliouoa kwa furaha? Nikampigia Mwanaidi.

"Shemeji," akasema, kicheko kinamkaba, "wewe ukienda Ijumaa msikitini, mimi nashika ngazi, dada anapanda. Tukisikia geti, anashuka anashika mwiko."

"Mbona hakuniambia?"

"Ili iweje? Ungepanda wewe na nyundo yako, ukatuangushia dari!"

Kalala bado ananingoja. "Leo naweza kuweka hita mpya, maji yatapata moto. Lakini tumbo limeoza, Papa. Litapasuka, na chini iko kitanda."

Nakiri, hata hapo nilitaka litengenezwe. Mwanzo ilikuwa kiburi. Nilipouona mwandiko wako ikawa kitu kingine, sijui kinaitwaje, sikufika darasa hilo. Nikapitisha kidole juu ya ile F. Halafu nikatazama chini kwenye tundu, nikaona shuka nililomtandikia Zaituni. Eish. Nani anapanda ngazi mara tano kwa ajili ya chuma? Ulipanda ili mwanao aoge vizuri.

"Lishushe," nikamwambia. "Lete jipya."

Leo Jumamosi. Mwanaidi kaleta majani ya kukandia kutoka soko la Warwick, yananuka kama dawa ya mende, na bafuni kuna kelele.

"Mama mdogo, yanachoma!"

"Nyamaza! Mama yako alinichoma hivi hivi, na sikufa."

Nimekaa nje ya mlango na mjukuu wako mapajani, amelala, hana habari na mtu. Nami sina amani. Kila kinachofanya kazi humu ndani nakitilia shaka: bawaba za geti, redio yangu, hata ule urafiki wangu na kaka yako uliopona ghafla bila mimi kuomba radhi. Hebu niambie, mwanamke, Ijumaa moja ina saa ngapi?

Mungu akupe mahali pakavu, penye joto la kutosha.

Mumeo,
Baba Zaituni