Goti Lako na Damu Yetu

Chumba cha Nyuma,
Kwa Dobi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, goti linaendeleaje? Mama mdogo kanipigia simu, kaniambia utapasuliwa mwisho wa mwezi. Pole sana. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila kuta za chumba hiki nadhani zimeshachoka kunisikiliza.

Kazi ipo. Napiga pasi mashati hapa kwa dobi. Kola za watu nazijua kuliko nyuso zao.

Dawa ya kuniachisha unga bado nainywa kliniki kila asubuhi. Ukishameza, nesi anakutaka uongee, ahakikishe hujaificha mdomoni. Mimi humweleza habari za mvua. Siku nyingine hayo ndiyo mazungumzo yangu yote mpaka kesho yake.

Sasa sikia, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa muda mrefu dawa hiyo ilikuwa hainifikishi jioni. Alasiri tu natetemeka, jasho linanitoka, mifupa inauma. Nikiomba waniongezee, manesi wananiona mwongo: “Huyu anachanganya na unga.” Kumbe wapi! Daktari mpya kapima damu, kakuta mwili wangu unaimaliza dawa upesi kuliko miili ya wengine.

“Umezaliwa hivyo,” aliniambia. “Hukujitakia.”

Mtu mzima nililia mbele za watu. Dozi imeongezwa, na sasa nalala.

Tena damu hiyohiyo ina wema wake. Virusi vya ini nilivyovipata kwenye sindano vimeondoka vyenyewe; nimepimwa mara ya pili, havipo. Daktari anasema hilo nalo huenda ni la kuzaliwa. Nilitafuta wa kumwambia, nikaishia kumwambia mteja aliyefuata suruali yake. Akaniuliza kama imekauka.

Mdogo wangu, sisi ni tumbo moja. Unakumbuka mama alivyougua, dawa ya maumivu ikimwisha mwilini kabla ya wakati, watu wakasema anadeka? Si lazima uwe umerithi, ila inawezekana. Ukishapasuliwa huenda ukapewa dawa za maumivu za ukoo mmoja na ile ya mama na hii yangu. Zisipokutosha utajiongezea mwenyewe kimyakimya, na njia hiyo mimi naijua inakofika. Naogopa, sikufichi.

Kwa hiyo mwambie daktari mapema. Atakuuliza ni nani kwenu ana tatizo hilo. Najua jibu litakukwama. Mama mdogo kaniambia kwamba kwa wakwe zako mimi ni marehemu, nilikufa ajalini. Iliniuma sana, ingawa umenichagulia kifo cha heshima. Wakwe waache na msiba wao. Lakini kwa daktari, ndugu yangu, nifufue.

Msalimie mama mdogo. Shemeji na watoto wasalimie kimoyomoyo. Mungu aiongoze mikono itakayokupasua, akuinue utembee.

Wako akupendaye,
Kaka yako.