Mapendo na chuo chenye jina kubwa

Jumatatu, kabla ya jua

Wengi hukosea hapa: wanachagua chuo kwa jina lake, hawaulizi wanafunzi wake wa jana wako wapi leo. Na mimi, mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi, karibu nimwache mjukuu wangu afanye vivyo hivyo.

Mapendo amekubaliwa na vyuo viwili vya ng'ambo kusomea shahada ya pili ya hesabu za fedha. Kimoja kina jina kubwa. Kingine hakijulikani, lakini humpeleka kila mwanafunzi benki kwa miezi kadhaa ajifunze kazi. Jana nilimwambia achunguze kwanza. Akacheka.

"Nkambo, unaogopa bure! Hata ba muzungu banatafuta hiki chuo."

"Ba muzungu bakikosa kazi banarudi kwabo. Weye mukimbizi, utarudi wapi?"

Akatoka nje. Sikufurahi kumwambia hivyo.

Hapa Kabuta, kijiji cha wavuvi tulikokimbilia, hakuna mama anayenunua kitunga cha samaki bila kuingiza mkono mpaka chini, maana wakubwa hupangwa juu. Picha za wahitimu wanaotabasamu kwenye matangazo ya kile chuo kikubwa ni hao samaki wa juu. Waliokosa kazi hawapigwi picha.

Ninaogopa, kweli. Kesho mama yake Mapendo anauza mtumbwi unaotulisha, ili ampatie nauli. Mapendo akikosa kazi huko, na sisi hapa bila mtumbwi... sijui.

Leo, kabla hajajibu chuo chochote, nitamketisha akiandikie kile chuo kikubwa swali moja: wageni waliomaliza mwaka jana wameajiriwa wapi?