Jina Lililotoka Kidoleni

Wafula, beshte yangu,

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike huko kwenu, na bado sijalia. Nafungua kibanda hapa Mbotela, nauza viatu, nafunga. Watu wananipa pole, nashukuru, halafu nawauliza wanavaa namba ngapi.

Kuna kitu nilifanya, na ni wewe tu wa kuambiwa.

Siku ya kuusafirisha mwili, mama yako aliniita chumbani kwako mtaani Reuben akanipa lile kopo la biskuti ulimoweka kadi. Nilizijua zote: zile ambazo katibu wa kombe la mtaa aliwapa wachezaji wa timu iliyoshinda, timu na nafasi zimepigwa chapa kwenye karatasi ngumu ya manila, na jina ameliandika mwenyewe kwa wino wa muhuri. Tangu mvua ya El Nino iingie vyumbani zimebaki chache, na matapeli wanazitengeneza kwa biro. Jumapili baada ya kanisa watu walikuletea uzikague. Ulilowesha ncha ya kidole kwa mate, ukagusa nukta iliyo mwisho wa jina. Wino wa katibu huacha zambarau, biro haiachi kitu. "Pembeni tu, Kamau. Jina usiguse." Kila mara uliniambia hivyo, hata nikachoka kukusikia.

Chini kabisa ya kopo kulikuwa na kadi yako, ya ile fainali uliyosema ulidaka penalti. Hukuwahi kunionyesha. Miaka sita nimekutania kwamba siku hiyo ulikuwa mbeba maji, nawe unacheka tu, "Iko siku utaona." Kusema kweli, sikukuamini.

Mama aliniuliza, "Ni ya ukweli?" Alitaka kuiweka nawe kwenye jeneza, na hakutaka mwanawe azikwe na uongo.

Sijui mkono wangu ulikuwa wa nani. Nililamba dole gumba, nikalipitisha juu ya jina lako kutoka mwanzo hadi mwisho.

Likatoka lote. Dole zima zambarau.

Ilikuwa ya ukweli, Wafula. Ulicheza golini kama chapa ilivyosema, na ile penalti uliidaka. Mama hakunigombeza. Alisema jina tuliandike upya kwa kalamu. Nikakataa, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kwamba kadi ikishaguswa na kalamu ya pili, hiyo si kadi tena. Akanirudishia, akaniambia nikae nayo. Kwa hivyo ulizikwa bila kadi yako. Najua jambo hilo litaniuma, ila bado halijafika.

Rangi ilikaa kidoleni siku tano. Siku ya sita nilikuwa naosha viatu vya mtumba, nikaona imeisha. Nikaendelea kuosha.

Juzi walikuja wale wakusanyaji wa kadi kutoka mtaa wa Pipeline. Mmoja akaishika kadi akasema, "Si uandike tu jina, msee, nani atajua?" Nilimnyang'anya.

Nisamehe ule utani wa mbeba maji. Nakuahidi sitaliandika jina hilo, na sitaacha mtu mwingine aliandike. Atakayeuliza kadi hii ni ya nani nitamtajia majina yako yote, na la baba yako, na ile penalti nitamsimulia kama niliyekuwepo. Na za wengine nitazikagua pembeni tu.

Pumzika, kipa. Nimekuamini.

Kamau