Kamba ya Winchi Iliyomuua Mrisho

Mrisho, Mnyamwezi wee,

Mtu akimwandikia mwenzake huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Mimi Kondo, Mzaramo mtani wako, ni mzima, na ndicho kinachoniuma. Tulisimama pamoja pale gatini, kamba ya winchi ikakatika, mapipa ya saruji yakakuangukia wewe.

Na ulikuwa umesema! Mbele ya makuli wote ulimshikisha nyapara ile kamba mkononi: "Hii imeoza, itaua mtu." Akajibu meli inasubiri, Kampuni haijatoa nyingine, pandisheni. Tukapandisha.

Ulipokufa, Kampuni ilileta sanda na maneno. Sanda ilikuwa nzuri, sikatai. Maneno ndiyo yaliyotuchoma: eti marehemu amekufa kwa uzembe wake, alisimama pasipostahili, kamba haikuwa na kosa. Mkeo Tatu alikuwa amekaa mkekani, nyumbani kwenu Kariakoo, akayasikia kwa masikio yake. Akasema tu, "Mrisho? Mzembe?" Kisha akajifunika kanga usoni. Lo, nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikawaza: kama kamba haina kosa, basi itafungwa nyingine kuukuu kama ile, na sisi chini yake.

Kuli afanye nini? Kwa Bwana Mkubwa wa Kampuni hatufiki hata kizingitini. Lakini maziko yako yalikuwa na mtani, na mtani hana wa kumzuia, hata afanye mzaha kaburini.

Ulipofikishwa makaburini niliruka shimoni, nikalala chali mahali pako. Wazee wakacheka, wakadhani Mzaramo anataka ada yake ya utani. Nikapiga kelele, "Mnyamwezi huyu hashuki! Kazaliwa na mzigo kichwani, asubiri kidogo!" Wakanitupia senti, nikazitupa nje. Kicheko kikapungua. Nikamwita nyapara, alikuwa kajificha nyuma ya watu. "Natoka humu ukiapa mbele ya maiti kwamba kamba ilikuwa nzima."

Shehe akanikemea, "Kondo, toka, maiti hacheleweshwi."

"Niwie radhi, shehe. Anayemchelewesha si mimi."

 Simpendi yule mtu, Mrisho, lakini nilimhurumia. Alilitazama jeneza, akasema kwa sauti ndogo, kisha akarudia watu wote wasikie: "Kamba ilikuwa mbovu. Aliniambia." Basi nikainuka, nikakupokea kwa mikono yangu mwenyewe, nikakulaza.

Asubuhi yake hakuna kuli aliyegusa mzigo. Bwana Mkubwa akatoka kuuliza kuna nini, tukamwambia nyapara wake amekiri kaburini, na sisi chini ya kamba mbovu hatusimami tena. Alifoka mpaka akawa mwekundu. Tukakaa. Kabla ya adhuhuri akaagiza kamba mpya itolewe ghalani. Ghalani, Mrisho! Ilikuwa humo siku zote, imefungwa vilevile ilivyotoka melini. 

Nyapara wamemfukuza. Alikuja kumpa Tatu pole, Tatu akampa uji, akanywa kainama. Kampuni haijayarudisha maneno yake, na sidhani kama itayarudisha. Ila huku mtaani hakuna tena anayekuita mzembe, na mkeo sokoni anapita kichwa juu.

Msibani sikulia. Kazi yangu ilikuwa kuwachekesha wafiwa, nikaifanya, hata Tatu alitabasamu kidogo. Lakini juzi winchi ilipoanza kupandisha, niligeuka nikutukane kama kawaida yetu, "Vuta, mvivu wee!" Nikamkuta mtu mwingine, mgeni, ananishangaa. Nikalia palepale gatini mbele ya watu, wala sikuona haya. Wewe ungenicheka mwezi mzima.

Nakuahidi hivi: siku nyuzi za kamba zikianza kuachia, nitalala tena, safari hii mlangoni kwa Bwana Mkubwa, aniruke akitaka. Na Tatu hatakosa kuni wala maji maadamu nina mabega.

Basi tua, ndugu yangu. Mungu akulaze pema. Wewe umezikwa na mtani wako. Mimi siku yangu ikifika, sijui nani atanitukana.

Kondo