Mume Wangu Amecheka Mara Tisa, na Hata Moja Si Nami

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla wivu haujanitia wazimu. Mimi na mume wangu, Baba Gyu-tae, tulikubali kushiriki utafiti wa chuo kikuu kuhusu wastaafu, kila mmoja akapewa daftari lake, wiki nzima uandike kila unapocheka na umecheka na nani, basi jana alipokwenda kuoga nikalifungua lake, na laiti nisingelifungua, maana amecheka mara tisa na zote tisa na Bun-rye, mjane anayeuza tambi za moto sokoni, yule anayemwita "oppa" kama wasichana wanavyowaita wapenzi wao, mwanamke wa miaka sitini na mbili na meno ya bandia! Mimi miaka thelathini na nne namwita Baba Gyu-tae kwa heshima zote, nampikia, namkanda mgongo, na simo humo hata mara moja. Nilipomuuliza akanijibu, "Si wameomba ukweli, Mama Gyu-tae? Sasa niwadanganye maprofesa wa watu?" Mshauri, mimi kwenye langu niliandika tumecheka pamoja mara sita, wasije wakadhani nyumba yangu imepoa, na Ijumaa wanakuja kuyachukua yote mawili, watayalinganisha, uso wangu nitauweka wapi? Nimeshika kifutio, nataka kumfuta huyo Bun-rye. Nifanyeje?

Mama Gyu-tae, Andong

Mama Gyu-tae,

Weka hicho kifutio chini. Pole, dada yangu, wivu unauma, na ningekuwa wewe ningekwenda sokoni na mwiko mkononi. Lakini hebu jisikie. Mumeo kaambiwa aseme kweli, kasema. Wewe umetunga vicheko sita, halafu mshtakiwa ni yeye! Mwanamume mwenye hawara hamwandiki daftarini akaliacha ovyo na kwenda kuoga.

Bun-rye anamchekesha, basi. Kwako kazi hiyo haina mtu siku nyingi. Mwanenu Gyu-tae mwenyewe sasa bila shaka ana ndevu na mke, nyie bado mnaitana kwa jina lake! Kesho mumeo akiwa kwenye supu, mwite "oppa". Akipaliwa, mpige mgongo.

Kisha nendeni wote wawili mkale tambi, usikie kinachochekesha. Ukikuta ni wewe unayechekwa, mwaga bakuli. Ukikuta ni mzaha tu, uibe bila haya.

Na kabla ya Ijumaa kata vile vicheko vyako sita, andika sifuri, umpe mumeo asome. Mwambie kwa kinywa chako, "Hata mimi sikucheka nawe, na nilitamani sana." Maprofesa hawakuuliza hilo. Yeye ndiye hajawahi kuambiwa.